Mtoto Aliyetazama Benchi

Penalti ile ilipigwa kiasi cha saa kumi na moja na robo jioni, dakika 12 kabla ya mpira kwisha, na sisi tuko nyuma kwa bao moja. Mpira ulipita juu ya mwamba wa goli, ukavuka uchochoro, ukaenda kuangukia kwenye jamvi la karafuu lililoanikwa uani kwa watu. Akina mama waliokuwa wakianua wakapiga ukelele. Kiwanja kizima kikacheka. Aliyepiga ni mtoto wa miaka 13.

Nami nikainuka kwenye benchi, nikasogea mpaka kwenye mstari, nikamnyooshea kidole na kupaza sauti: "Umetuuza!"

Nataka msomaji alipime neno hilo. Kwetu sisi, mtu anayeuza mechi ni yule aliyekula pesa za watu, akajiangusha makusudi, akawasaliti wenziwe. Ni neno la kumwambia mtu mzima tena kwa ushahidi. Mimi nililitupa kwa mtoto aliyeazima njumu za kaka yake, akazijaza matambara kwenye ncha zisimpwaye.

Kwa wasomaji wa Bara, mpira wa vijana wa Zanzibar umegawiwa madaraja kwa umri: Juvenile, Junior na Central. Juvenile ndio wadogo kabisa. Mimi nafundisha Juvenile ya mtaani kwetu, Wete, Pemba, mwaka wa sita sasa, bila mshahara, na sijawahi kujuta. Hakuna kazi nyingine ninayoifikiria usiku kama hii.

Dakika zile 12 zilizobaki ndizo zinazonifanya niandike. Kila mtoto yule alipopata mpira, kabla hajatazama mbele, aligeuza uso kunitazama mimi. Kipa akimrushia, jicho benchi. Beki akimpasia, jicho benchi. Mchezaji wa kati anayejua kazi yake huwa keshatazama bega la kulia na la kushoto kabla mpira haujamfikia, ili akiupokea ajue nani yuko mgongoni na nani kafunguka. Mtazamo ule aliotakiwa kuupeleka begani, huyu wangu aliuleta kwangu. Basi mpira ukawa unamkuta kipofu. Aliupoteza mara tano au sita, na kila alipoupoteza alinitazama zaidi, na kila aliponitazama akaupoteza tena. Mpaka leo nikifumba macho naiona ile shingo ikigeuka.

Mpira ulipokwisha akavua jezi namba 8, akaikunja mikono kwa ndani kama anavyokunja sare ya skuli, akaiweka juu ya mkoba wangu. Akaondoka miguu mitupu, njumu za kaka yake kazishika mkononi. Mazoezi ya Jumanne hakuja. Alhamisi hakuja. Zikapita wiki tatu.

Katika wiki hizo nilikuwa nikiwafikiria walimu walionilea mimi mwenyewe. Nasema walimu kwa sababu ndivyo tunavyowaita makocha, na nadhani wengi wetu tumelisahau jina hilo lina uzito gani.

Wa kwanza alikuwa mkali. Huo ni mwanzo wa miaka ya tisini, na mazoezi yetu yalikuwa ufukweni baada ya sala ya alfajiri, maji yakitoka. Alikuwa na filimbi na fimbo ya mpera. Fimbo hatukuiogopa sana, maana kupigwa tulikuwa tumeshazoea. Tulichokiogopa ni duara. Ukikosea, alipuliza filimbi, akakusimamisha katikati, akatuamuru wote tukuzunguke, kisha akaanza kukusuta. Aliijua nyumba ya kila mmoja wetu: nani baba yake anadaiwa dukani, nani kaptura yake ina viraka, nani mama yake karudi kwao. Maneno yake yalianzia kwenye pasi iliyopotea, yakaishia jikoni kwenu.

Lazima niseme ukweli: tulishinda. Tulishinda sana. Tulikuwa tunakimbia kama watu waliofukuzwa, na timu nyingine hazikuwa na pumzi zetu. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba ukali hauleti matokeo, siwezi kumkubalia. Nimeyaona kwa macho yangu na kombe tumelibeba.

Lakini tulikuwa na winga mmoja wa mguu wa kushoto. Katika maisha yangu sijaona mtoto aliyeujua mpira kuliko yule, na nimekwenda uwanja wa Gombani mara nyingi, na wa Amaan, nimewaona wakubwa. Asubuhi moja duara likawa lake, na mwalimu akalitaja jambo la baba yake, aliyekwenda Mombasa na hakurudi. Kijana akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoka kwenye duara, akapita kati yetu, akaenda zake. Leo ni mvuvi. Tukikutana sokoni tunazungumza bamvua na bei ya chambo. Mpira hatujautaja hata siku moja, na ni zaidi ya miaka 30.

Mwalimu wangu wa pili alikuwa kinyume chake kwa kila kitu. Alikuwa pia mwalimu wa skuli, mtu wa sauti ndogo, anakaa juu ya kreti la soda na daftari magotini. Ukikosea anakungoja, mpaka mpira utoke, halafu anakuita kando na kukuwekea kiganja shingoni, anakuambia sikioni mambo mawili. Tulimpenda mno. Mwishoni mwa 1995, Zanzibar ilipoifunga Uganda 1-0 kwao wenyewe na kulichukua Kombe la Challenge la Afrika Mashariki na Kati, alitukusanya kwake tukaisikiliza redio pamoja, akatupikia chai ya maziwa yeye mwenyewe. Mimi niliamua siku ile kwamba kocha ni huyu, na kwamba upole ndio ualimu.

Halafu ikaja mechi ya ugenini. Kipa wetu alikuwa mrefu kuliko umri wake. Wakubwa wa timu ile wakaingia uwanjani wakati wa mapumziko, wakamshika bega mbele ya umati, wakasema kaghushi umri, ana mke huyu, mtazameni ndevu. Watu wakacheka, wakaanza kumwimbia. Mwalimu wetu alikuwa akimsomesha mtoto yule darasani. Alimwandikisha kwa mkono wake. Ni yeye peke yake pale aliyeweza kusimama akasema neno moja likaaminika. Alibaki kwenye kiti chake. Tulipomzunguka akatuambia, "Subirini, tusizue zogo." Kipa wetu alilia ndani ya gari tangu tunaondoka mpaka tunaingia Wete, na mwalimu alikaa mbele na dereva, na daftari lake.

Nilikuwa na miaka 15. Sikuwa na maneno ya kulieleza lile jambo, lakini nilijua kwamba utulivu wa siku ile haukuwa ule tulioupenda. Ule wa mazoezini ulikuwa ukitufunika sisi. Huu ulimfunika yeye.

Ndiyo maana huwa sipendi mjadala unavyokwenda vijiweni na mitandaoni kila kocha wa timu kubwa anapofukuzwa. Kocha yupi bora, mpole au mwenye jazba? Watu hugawana kama Simba na Yanga. Wanaopenda jazba wanasema yule mwingine amelala, anakunja mikono timu inakufa. Wanaopenda upole wanakumbusha kwamba hasira ni hasara, na hasira ya mkizi ni furaha ya mvuvi. Wote wanatazama mikono na mdomo wa kocha. Kwangu mimi swali liko kwingine, na jibu nilikuwa nalo tangu utotoni. Nililipata kwenye chombo, mbali kabisa na kiwanja.

Ami yangu alikuwa nahodha wa jahazi lililokuwa likichukua mizigo kati ya Wete na Tanga. Lugha yetu imempa jina moja mtu wa usukani na yule anayevaa kitambaa mkononi, na sidhani kama ni bahati mbaya. Likizo moja ya skuli alinichukua. Tulipofika katikati ya mkondo, penye maji marefu, kusi likatuvamia, na baharia mmoja akaachia demani, kamba inayoshika tanga. Tanga likafumuka, likawa linapiga kama bunduki, chombo kikalala, maji yakaingia. Ami yangu, mtu niliyemjua kwa upole wake barazani, alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mwanadamu. Alimtaja yule baharia kwa jina, na alimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kamba ikakamatwa. Tanga likashika upepo. Tukafua maji mpaka mikono ikafa ganzi.

Tulipofika Tanga jioni, mwenye chombo alikuja bandarini. Akaona tanga limechanika pembeni kiasi cha dhiraa. Akauliza, "Nani kaachia?"

Baharia alikuwa pale pale, ameinama juu ya jiko, anakoleza mkaa. Sisi wote tulikuwa pale.

Ami akajibu, "Upepo, tajiri."

Hakusema zaidi. Baharia yule alisafiri naye mpaka siku ami alipoacha bahari.

Kwetu tuna neno sitara. Tunalitumia kwa nguo, kwa nyumba, na kwa kumficha mtu aibu yake. Mtu akikuombea dua nzuri hukuombea Mungu akusitiri. Mwalimu wangu mkali alituvua sitara kila alfajiri ufukweni. Mwalimu wangu mpole alituacha bila sitara siku tulipoihitaji kwelikweli. Ami alipiga kelele kuliko wote wawili, lakini kelele ile ilibaki baharini, na bandarini akamfunika mtu wake kwa maneno mawili. Tangu nilipolipata jambo hili sijaweza kumtazama kocha yeyote kwa jicho jingine.

Mtazame Alex Ferguson. Alikaa Manchester United tangu 1986 hadi 2013, akachukua ubingwa wa ligi mara 13, na kila mtu anajua kwamba alikuwa mtu wa hamaki. Wachezaji walizifananisha kelele zake na mashine ya kukaushia nywele, kwa vile alivyokuwa akikufokea pua kwa pua. Februari 2003, baada ya kufungwa na Arsenal kwenye Kombe la FA, alikipiga teke kiatu kilichokuwa sakafuni, kikampata David Beckham juu ya jicho. Siwezi kumtetea kwa hilo, na majira ya joto ya mwaka huohuo Beckham alikwenda Real Madrid. Lakini watu wakimsimulia Ferguson huanza na kiatu na kuishia na kiatu, wakasahau habari ya Cantona. Januari 1995, pale Selhurst Park, Eric Cantona alitolewa kwa kadi nyekundu, akaruka na kumpiga teke mtazamaji. Uingereza nzima ilitaka afukuzwe. Akafungiwa miezi 8. Majira ya joto, alipokwisha kukata tamaa na kutaka kuondoka, Ferguson alimfuata mpaka Paris kumbembeleza abaki. Oktoba 1 akarudi uwanjani dhidi ya Liverpool, na siku hiyohiyo akafunga bao la kusawazisha kwa penalti. Msimu ukaisha United wana ligi na Kombe la FA. Mtu mwenye hasira za kuvunja vyombo ndiye aliyesimama bandarini akasema upepo.

Sasa mtazame Antonio Conte, ambaye nampenda, na ambaye jazba yake ilikuwa raha kuitazama. Msimu wa 2016/17 pale Chelsea aliruka, alikumbatia mashabiki, alilia na timu yake na kucheka nayo, na Chelsea ikashinda mechi 13 za ligi mfululizo na kubeba ubingwa. Moto ule uliwaka upande mmoja na wachezaji. Machi 2023 alikuwa Tottenham. Walikuwa mbele 3-1 ugenini Southampton, wakarudishiwa yote, ya mwisho kwa penalti ya dakika za nyongeza. Conte akaenda mbele ya waandishi wa habari, akawaambia kwamba wachezaji wake ni wabinafsi, hawachezi kama timu. Huenda kila alichosema kilikuwa kweli. Alikisema mbele ya kamera. Kabla ya siku 10 kupita, yeye na klabu wakaachana. Ni mtu yuleyule, sauti ileile na mikono ileile. Kilichobadilika ni moto umeelekezwa kwa nani.

Kwa upande wa wapole, jina la kwanza kila mtu analolitaja ni Carlo Ancelotti, na ana haki. Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mara 5 kama kocha, hakuna aliyemfikia. Watu wanapenda ule unyusi wake unaopanda, kama kwamba ndiyo hotuba yake yote. Mimi ninachokipenda ni fainali ya Istanbul, 2005, usiku alioshindwa. Milan yake ilikuwa mbele 3-0 wakati wa mapumziko, Liverpool ikarudisha yote matatu ndani ya dakika 6, na penalti zikaisha vibaya. Andrea Pirlo ni mmoja wa waliokosa. Fikiria mwenyewe hasira ya kocha usiku ule, na jinsi ambavyo ingekuwa rahisi kumtafuta wa kumbebesha. Miaka miwili baadaye, Athens, fainali ileile na Liverpool ileile. Saba kati ya 11 walioanza Istanbul walianza tena. Bao la kwanza lilitokana na mpira wa adhabu uliopigwa na Pirlo, ukamgonga Filippo Inzaghi ukajaa wavuni. Milan ikashinda 2-1. Ninapousifu upole wa Ancelotti nasifu hilo: aliweza kukaa miaka miwili na watu walewale waliomvunja moyo, akawapa tena mpira.

Na kwa Afrika hakuna mfano ninaousimulia kwa watoto wangu kama Aliou Cissé. Mwaka 2002 alikuwa nahodha wa Senegal, fainali ya AFCON, kombe la mataifa ya Afrika, kule Bamako dhidi ya Cameroon, na penalti yake ya mwisho ikadakwa. Akawa kocha wa timu hiyohiyo. Mwaka 2019 akafika fainali, Algeria ikamfunga. Februari 2022 akafika tena, kule Yaoundé, dhidi ya Misri, na dakika ya 7 Sadio Mané akakosa penalti. Mechi nzima ikachezwa juu ya kosa lile, dakika 120 bila bao. Zilipofika penalti, Senegal ikamweka Mané mwisho, kwenye penalti inayobeba kombe. Akafunga. Watoto huniuliza kama Mané hakuogopa. Mimi huwaza juu ya yule aliyesimama pembeni, aliyekuwa anajua tangu 2002 jinsi inavyokuwa kutembea kutoka katikati ya uwanja mpaka kwenye nukta ile, na kurudi.

Nina jambo la nyumbani pia. Mwaka 2017 ulikuwa na machungu kwetu. Machi, CAF, shirikisho la mpira la Afrika, walituingiza Zanzibar kuwa wanachama kamili; Julai wakatutoa. Miezi minne tulikuwa nchi ya mpira, kisha hatuko. Desemba vijana wetu wakaenda Kenya kwenye Challenge chini ya Hemed Suleiman, tunayemwita Morocco, wakaifunga Rwanda 3-1, wakaifunga Tanzania Bara 2-1, nusu fainali wakaitoa Uganda 2-1. Fainali kule Machakos wakawa nyuma ya Kenya mara mbili na kurudisha mara mbili. Penalti zikatushinda, 3-2.

Waliokosa penalti siku ile nawajua kwa majina. Siwataji. Na nakumbuka kwamba walipokewa kwa shangwe na wenzao wote, kundi moja, na visiwa hivi havikumtoa mtu mmoja kumweka katikati ya duara. Nilijivunia sana Uzanzibari wangu siku ile.

Morocco huyohuyo ndiye aliyeitwa kulikamata benchi la Taifa Stars Januari 2024, katikati ya AFCON kule Ivory Coast, baada ya CAF kumfungia kocha Adel Amrouche mechi 8 kwa maneno aliyoyasema juu ya Morocco, nchi, siyo kocha wetu. Jina hilo lilituchanganya sote vijiweni. Timu ilikuwa imeshafungwa mechi ya kwanza 3-0. Ikatoka sare na Zambia 1-1, ikatoka sare na Kongo 0-0, ikarudi nyumbani. Na Novemba mwaka uleule ikaifunga Guinea 1-0 kwa Mkapa na kufuzu AFCON iliyofuata. Sitaki kujifanya najua yaliyosemwa chumbani. Nasema tu kwamba mdomo wa mtu mmoja uliwaacha wachezaji bila mwalimu wao katikati ya mashindano makubwa kuliko yote waliyowahi kucheza, na alitakiwa mtu wa kwenda kuwafunika haraka.

Wiki ya tatu ilipokwisha nikaenda kwa yule mtoto wangu. Anakaa kwa bibi yake, nje kidogo ya mji, nyumba yenye mfenesi mbele. Nilipiga hodi, nikakaribishwa. Bibi alikuwa ameketi mkekani anasuka ukili, miali ya mkindu imelowekwa kwenye bakuli la maji pembeni yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu kitako."

Nikakaa. Akaendelea kusuka. Ndani nilisikia mtu amesimama nyuma ya pazia la mlango, na nilijua ni nani kwa ukimya wake.

"Wewe ndiye mwalimu wake wa mpira?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Ati kakuuza." Hakuinua uso. "Kakuuza shilingi ngapi?"

Hakuwa ananikebehi. Aliuliza kama anavyouliza mtu aliyeambiwa mjukuu wake ana deni, naye anataka kujua ni kiasi gani ili alilipe. Nilitafuta la kusema nikakosa. Nikamwambia nimekosea, sikuwa na maana ile, ni maneno ya hasira. Akachovya vidole majini, akachomoa mwali mwingine, akauingiza.

"Ulilisema wapi?"

"Kiwanjani."

"Watu walikuwepo?"

"Walikuwepo."

"Basi huku umekuja kufanya nini? Kaliseme kulekule."

Jumanne iliyofuata nililisema kulekule. Nilimwomba mtoto aje, akaja amevaa ndara, akasimama nyuma ya wenziwe. Niliwaeleza timu yote, na wazee wachache waliokuwa wamekaa chini ya mwembe, kwamba nilimwita mwenzao muuzaji, na kwamba ni uongo, na kwamba penalti ile niliyemchagua mpigaji ni mimi, tena nikijua kavaa njumu zisizomtosha. Mwalimu mwenzangu wa timu jirani alinivuta kando baadaye. Akaniambia nimejimaliza, watoto hawataniogopa tena. Namheshimu, amenitangulia kwenye kazi hii, lakini sikubaliani naye. Hofu ile anayoitaka ndiyo iliyokuwa ikigeuza shingo ya mtoto wangu.

Bado napiga kelele. Sitaki mtu asome makala haya akadhani nimekuwa maji ya mtungi. Mtoto akiingiza mguu kwa kuumiza, au akiwacheka wenziwe, au beki wangu akisahau kupanda, sauti yangu inafika bandarini. Ninachokitazama sasa ni ninamwambia nini na mbele ya nani. "Panda!" ni kelele, na ni ya kazi, na kila mtu anaweza kuisikia. Lile linalohusu nafsi ya mtoto nalingojea mpaka wengine wamekwenda kunywa maji, na mara nyingi, nikishangoja, naona halina haja ya kusemwa. Wazazi wakija kuniuliza kwa nini tumefungwa nawajibu makosa ni ya mpango wangu. Wengine hawaridhiki. Baba mmoja aliniganda wiki nzima nimtajie beki aliyetoa bao. Nilimwambia upepo, akanitazama kama mtu aliyepungukiwa.

Mtoto namba 8 amerudi. Anacheza. Nimemnunulia njumu za mtumba kwa mwenye duka karibu na soko, na zinamtosha. Penalti hajataka kupiga, nami sijamwambia apige.

Ila bado ananitazama. Mechi ya kwanza aliyorudi nilihesabu kwenye daftari, kijistari kwa kila mara, kama tunavyohesabu pishi za karafuu. Mara 11. Mechi iliyofuata mara 9. Siku nyingine ikarudi 10, tulikuwa tumefungwa mapema. Nimejifunza kukaa vile vile kila anapogeuka, mikono magotini, uso uleule, apoteze au asipoteze, na kwangu mimi hiyo ni kazi ngumu kuliko yoyote niliyowahi kufanya pembeni ya kiwanja. Jumamosi iliyopita tulicheza Chake, mvua ya rasharasha, kiwanja kinateleza. Nilihesabu mara 4.